Kopo Lililoandikwa MAMA

Dada yangu Zuhura,

Kabla hujasoma mbele, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu, hata mama. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie mwanawe ni mzima na anamsalimu. Ukimaliza, itie motoni.

Shikamoo. Hujambo wewe, na kifua cha mama kinaendeleaje? Mwili wangu ni mzima, ila moyo hauna mahali pa kukaa. Hapa shambani, nje ya Tanga, karani hana mwenzie. Wakata mkonge hunyamaza nipitapo, na wakubwa hawaniketishi. Siku ya mapumziko mimi hupanda baiskeli hadi Ngamiani mjini, si kununua kitu, ni kusikia tu watu wakibishana. Kisha hurudi.

Sasa sikiliza. Kila asubuhi kazi yangu ni kugawa matoroli ya reli ndogo yanayobeba mkonge kutoka vitaluni hadi mashineni. Karani aliyenitangulia alikuwa akiipiga hesabu hiyo mpaka jua linapanda. Mimi nikabuni njia yangu. Nimepanga makopo ya sigara kwenye rafu, kila moja lina jina, na ndani kikaratasi cha tarakimu. Tena nina karatasi ya amri, maneno machache niliyoyatunga mwenyewe: TWAA kopo fulani, GAWA kwa nne, WEKA katika kopo fulani. Nyapara hutaja kopo lake na idadi ya watu wake, nami nafuata amri mstari kwa mstari bila kufikiri, na idadi ya matoroli yake inatoka chai haijapoa. Majina niliwaachia wachague wenyewe. Mmoja aliliita lake Simba. Nyapara wa kitalu cha mtoni aliliita lake Mwanahawa, jina la bintiye. Kanuni zilikuwa mbili: jina jipya likitajwa, fungua kopo jipya, usiulize, na kopo ambalo halikutajwa asubuhi hiyo lihesabu sufuri. Nilijiona mwerevu, dada.

Mwezi huu yule nyapara wa mtoni alihama, akashika nafasi yake Mzee Semboja, Mbondei mtu mzima, mpole. Jumanne, asubuhi yake ya kwanza, akasimama dirishani pangu.

"Arobaini," akasema. "Tia kwa mama."

"Mama yupi, mzee?"

"Mama. We andika tu, karani."

Nyuma yake wenzake wa foleni wakacheka. "Mzee, mama naye siku hizi anakata mkonge?"

"Anakata ndimi za wapuuzi," akawajibu.

Foleni ilikuwa ndefu. Sikuinua kichwa. Nikafungua kopo jipya, nikaandika MAMA, nikatia arobaini. Lakini karatasi ya amri haikumjua MAMA. Kwa kitalu cha mtoni ilimwendea MWANAHAWA, ikamkuta na sufuri, nami nikaigawa sufuri kwa nne.

Watu arobaini wakakata tangu alfajiri, wakapanga matita kando ya reli, wakangoja. Halikuja toroli hata moja. Alasiri bwana meneja akasema mkonge uliokauka si kazi, siku hiyo isitiwe katika vipande vyao, zile kadi za kuhesabia siku za mshahara. Akamwita Semboja ofisini.

"Ulimtajia karani kopo gani?"

"Nilimtajia, bwana."

"Jina lake?"

Mzee akatazama sakafu.

"Karani, kopo la mtoni lina nini?"

Nikalifungua mbele yake. "Halina kitu, bwana."

Ni kweli, halikuwa na kitu. Lakini lile la MAMA lilikuwa papo hapo rafuni, herufi zimenielekea, na mkono wangu ukasogeza daftari ukaliziba. Meneja hakuuona mkono huo. Semboja aliuona.

Baadaye ndipo mpishi wa kambi aliponieleza kuwa mama mkwe wa Semboja anaitwa Mwanahawa, na kwao jina la mkwe halitamkwi, iwe dirishani au mbele ya mzungu. Kambi nzima ilijua, ila mimi na meneja. Hakuna aliyeulizwa. Semboja amevuliwa unyapara, na kwa umri wake ule sasa anakata mkonge pamoja na vijana.

Jana nilimkuta njiani nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Lile kopo umelitupa?"

"La, mzee."

"Usilitupe. Jina la mtu mzima halitupwi jaani."

Akaenda zake na kisu chake.

Kesho nitaingia kwa meneja na makopo yote mawili. Nitamwambia kosa ni la kanuni yangu na mkono wangu, wale watu warudishiwe siku yao, na mzee mahali pake. Nimeyajaribu maneno hayo mbele ya ukuta. Nikifukuzwa, chumba hiki nacho kitakwenda, na mama amekwisha kuiambia Lindi nzima kwamba mwanawe ni karani.

Mpe shikamoo yangu, na mjomba aliyenipeleka shule, na mwalimu wetu wa chuoni, na jirani yetu msuka mikeka. Shemeji mwambie baiskeli yake bado nzima.

Usiniandikie tena hapa shambani. Tuma kwa mkono wa Bi Tatu, muuza maandazi, nyuma ya soko la Ngamiani. Nitapita kwake kila Ijumaa, niwe na kazi au sina. Kwake hufikia barua za wageni wengi, basi juu ya bahasha andika jina langu, na la baba, na la babu. Usiandike "kwa mdogo wangu" tu. Atauliza mdogo yupi, na hapatakuwa na mtu wa kumjibu.

Ni mimi,
Saidi bin Athumani bin Mfaume