Abiria wa Mgongoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Mbamba Bay, Wilaya ya Mbinga
Tarehe 18 Oktoba 1996, saa 2:40 asubuhi
Kosa: Kushambulia na kudhuru mwili

Jina: Dastan Ignatio Chale
Umri: Miaka 39
Kabila: Mnyasa
Kazi: Kubeba abiria na mizigo ufukweni
Makazi: Mbamba Bay

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaishi peke yangu tangu mke wangu alipofariki mwaka 1992. Kazi yangu ni kubeba watu. Meli haifiki nchi kavu. Inatia nanga mbali, abiria wanashushwa kwa boti, na boti inagota chini pale maji yanapofika mapajani. Hapo tunawapa mgongo na kuwafikisha mchangani wakiwa wakavu. Tuko sita. Mmoja wetu ni Erasmo, ambaye ndiye mlalamikaji. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa na sijawahi kugombana naye.

Mtuhumiwa Hildegardi ninamfahamu. Ni Mmatengo wa Namswea, mjane, mfanyabiashara. Tangu biashara iachiwe watu binafsi, yeye huleta maharage kutoka milimani, huyapeleka Manda kwa meli na kurudi na marobota ya mitumba. Ni mwanamke mnene sana. Mara ya kwanza aliposhukia hapa, mwezi Machi 1995, wenzangu walirudi nyuma. Erasmo alisema, "Hiyo ni tani saba, itaondoka na mgongo wa mtu." Watu wakacheka. Yeye alibaki amesimama ndani ya boti, ameshika mkoba wake, anaangalia milima kama vile hakusikia. Nikasogea, nikageuka, nikainama. Akaniambia, "Kaka, mimi mtu wa milimani, sijui kuogelea." Nikamjibu, "Shika mabega, mama." Tangu siku hiyo ni mimi tu ninayembeba, karibu kila baada ya wiki mbili.

Mnamo tarehe 17/10/1996, siku ya Alhamisi, saa 3:20 asubuhi, meli ilifika ikitokea Manda. Ziwa lilikuwa limetulia. Boti ya pili iliendeshwa na Kilian, na Hildegardi alikuwemo. Nilimpakia mgongoni kama kawaida. Tulipobakiza hatua kama kumi kufika nchi kavu, Erasmo alikuwa amesimama majini, maji yakimfika magotini, hana abiria. Tulipompita alimpiga Hildegardi makalioni kwa kiganja, na hakuutoa mkono. Aliuacha pale pale, akaminya, akasema kwa sauti, "Ngoja tupime tani saba." Waliokuwa ufukweni wakacheka.

Nilihisi Hildegardi amekakamaa mwili mzima. Akaniambia sikioni, "Niteremshe, kaka." Nikamwambia tuko kwenye maji. Akasema, "Niteremshe." Nikamteremsha. Kitenge kikalowa.

Akamgeukia Erasmo, akamuuliza, "Mkono wako ulikuwa unatafuta nini kwangu?"

Erasmo akacheka. "Mbona huyu anakushika kila safari na husemi kitu?"

Hildegardi akamjibu, "Huyu ananibeba."

Erasmo akanyoosha mkono tena, akamshika kiunoni. Hapo ndipo Hildegardi alipomsukuma kifuani kwa mikono miwili, mara moja tu. Erasmo akaanguka chali, mkono wake ukagonga ukingo wa boti ya Kilian, ambayo ilikuwa imeshakuwa nyepesi na kuvutwa hadi nyuma yake. Nilisikia mfupa ukilia. Mimi ndiye niliyemtoa majini. Nilimfunga mkono kwa shati langu na kumpeleka zahanati.

Erasmo amesema alipigwa kwa kafi na kwamba mimi nilimshikilia. Si kweli. Makafi yote mawili yalikuwa ndani ya boti, Kilian ameyakalia. Hildegardi hakuwa na kitu mkononi. Hata mkoba wake nilikuwa nimeuvaa mimi shingoni.

Afande ameniuliza kama nina uhusiano na mtuhumiwa. Jibu langu ni hapana. Ameniuliza tena kwa nini basi nambeba mimi tu. Nimekumbuka kwamba nimeapa kusema kweli.

Ninampenda. Napenda wanawake wanene tangu ujana wangu, na wenzangu wanalijua hilo na hunitania. Lakini huyu si unene tu. Anapopanda mgongoni huwa anashusha pumzi ndefu, kisha uzito wake wote unatulia, na mimi natulia. Nyumbani kwangu hakuna anayenigusa. Mtu anaweza kumaliza mwaka bila kuguswa ila kwa kupeana mkono kanisani. Nilipotambua kwamba nauwazia mwili wake hata nikiwa kwenye nyavu, siku ambazo hakuna meli na ninavua, nilianza kujifunga gunia mgongoni, nikamwambia ni kwa ajili ya baridi. Niliona si haki yeye anilipe nauli ya kubebwa na mimi nichukue kingine asichokijua. Sijawahi kumtamkia neno. Sijawahi kumshika mahali pasipohitajika ili asianguke. Kosa langu ni moja: mara nyingine natembea polepole kuliko inavyotakiwa.

Jana nzima nilijiuliza kama mimi na Erasmo ni wamoja. Sikulala vizuri. Mwisho niliona anayejua jibu ni Hildegardi, na alikwisha kulitoa pale majini mbele ya watu. Mimi ninalirudia tu.

Nimeyasema haya bila kulazimishwa, ni kweli tupu, na nitayarudia hivi hivi mbele ya hakimu.

(Sahihi) D. I. Chale

UTHIBITISHO: Mimi Koplo Pankras nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Maelezo ya Kilian, mwenye boti, yanalingana nayo kuhusu makafi. Nimemsomea shahidi kwa sauti hapa kaunta, kwa kuwa chumba cha ndani kinapakwa chokaa. Mtuhumiwa alikuwa kwenye benchi akimsubiri mdhamini wake, Tadea, na alisikia. Nilipofika palipoandikwa "Ninampenda", shahidi aliomba nisiendelee. Mtuhumiwa akasema, "Soma, afande. Soma mpaka mwisho." Nikasoma. Nilipomuuliza shahidi kama ana la kuongeza, alisema hana. Mtuhumiwa alisema yeye analo, lakini si la polisi.