Waridi la Kamalondo, Waridi la Bel-Air

Jumamosi, 6 Septemba
Nimechuma waridi kabla jua halijatoka, kama kawaida. Sufuria juu ya makaa, bakuli katikati, kifuniko kichwa chini ili mvuke udondokee bakulini. Kambo, mama wa marehemu baba, ndiye aliyenifundisha. Akanusa marashi, akanirudishia chupa.

“Haiko rose yangu hii. Ni mie nazeeka, ao ni maua njo inabadirika?”

Mche ni tawi la waridi la nyumbani kwake, mtaa wa Kamalondo. Nililikata mwenyewe nilipomleta akae nami hapa Bel-Air. Nikacheka, nikasema ni uzee. Nilifanya vibaya.

Jumatatu, 8 Septemba
Baba mdogo, niliyemsimulia habari ya marashi, kapiga simu. Eti mzee asiyesikia hata harufu hawezi tena kuishi peke yake, nyumba ya Kamalondo ipangishwe. Kambo alisikia kila neno. Hakula.

Jumatano, 10 Septemba
Alfajiri nimechuma Kamalondo, kisha hapa. Uzito mmoja, sufuria moja. Chupa mbili nikazipeleka Kasapa, maabara ninakofanya kazi, mashine ichambue harufu. Ya Kamalondo imejaa jeraniol na sitronelol, ndizo utamu wenyewe wa waridi. Yangu inazo kiduchu. Nimerudia nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea.

Mmea mmoja, mahali pawili. Kule jua la kutwa, ukuta wa matofali, majivu ya mbabula, jiko lake la makaa, maji ya udhu basi. Huku kivuli cha mparachichi na ndoo yangu ya maji kila jioni. Mashine haisemi kosa ni lipi. Nadhani nimeudekeza.

Pua ya Kambo nzima kabisa.

Ijumaa, 12 Septemba
Sijamwambia. Nikisema, ataondoka arudi kwake. Nampenda na naogopa nyumba tupu. Leo kaniuliza kama mchuzi unaungua. Amepika maisha yake yote, ananiuliza mimi! Najichukia.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimesema yote, Baba mdogo akisikiliza kwenye simu. Alikohoa, akasema basi, arudi kwake.

Kambo alinivuta sikio.
“Ulijua tangu siku gani?”
“Tangu mercredi, Jumatano ile ya mashine, Kambo.”
“Siku tatu! Mwizi wewe, mujukulu yangu.”
Akacheka mpaka machozi. Kisha akaomba begi lake.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimepita Kamalondo baada ya kazi. Kambo kanipokea mlangoni na chupa ya marashi, akaninyunyizia kichwani na mikononi kama mgeni wa heshima. Wali wake haukuungua.

Nimerudi Bel-Air. Mche sijaumwagilia. Mikono bado sijanawa.