Rangi ya Ubavu wa Kushoto

Cygnet, Tasmania
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada Noreen,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani, dada yangu? Goti bado linakusumbua, au baridi ya huko Fremantle haijaanza? Sisi tu wazima, isipokuwa ndugu yetu Clyde. Beryl anakusalimu sana, na anasema mbegu za maharage ulizotuma zimeota zote, hata zile zilizomwagika karibu na banda la kuku.

Najua umekunja uso kuliona jina la Clyde. Tafadhali usiichane barua. Isome mpaka mwisho, nakuomba kama ndugu.

Tunaiuza Petrel. Clyde hawezi tena kupanda mashua. Mapafu yake yamekwisha, amelazwa Hobart, na daktari ametuambia tufikirie wiki, tusifikirie miezi. Aliyejitokeza kununua ni jamaa mmoja wa Launceston, anaongea kama redio. Kasema hatoi hata senti mpaka aone mbao tupu chini ya mstari wa maji, maana rangi imerundikana tabaka juu ya tabaka na sasa inabanduka yenyewe. Basi wiki ya tatu hii niko chali chini ya mashua, nakwangua. Rangi ile ina sumu ya kuua chaza wanaoganda chini ya mashua, kwa hiyo nailowesha kwanza nisivute vumbi. Nikirudi jioni Beryl hanifungulii mlango mpaka nivue kila kitu uani. Majirani wameshaona ya kutosha.

Unakumbuka utaratibu wa Baba: mwaka huu nyekundu, mwaka ujao buluu, ili rangi ya chini ikianza kuchungulia ujue ya juu imelika. Na ubavu wa kushoto ulikuwa wa Clyde, wa kulia wangu, marufuku kugusa wa mwenzio. Alisema mashua ikivuja anataka ajue amtukane nani. Sisi tulikuwa tunacheka tu.

Jumatano, upande wa kushoto, nikaifikia buluu ya mwaka ule aliozama mumeo Ross. Noreen, nilitupa kikwangulio nikalia kama mtoto, mzee mzima wa miaka sitini na sita. Dulcie wa pale karakana akaja mbio kuniuliza kama rangi imeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nisikilize. Mwaka ule Clyde alikuwa ameteguka bega. Ubavu wake ulikuwa umeelekea ukutani, lazima ulale chali ndipo uufikie. Nikamwambia tubadilishane, Baba hatajua. Mimi ndiye niliyefanya ubavu wa kushoto. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa mashua, nikakuta ubao umelainika, kidole kinazama, sehemu ya ukubwa wa kiganja tu. Ilikuwa Jumamosi, na mimi nilitaka kuwahi mpira. Nikashindilia puti ya kuzibia, nikapaka buluu juu yake, nikaenda zangu uwanjani. Nilijiambia nitautengeneza mwakani. Mwezi wa Agosti, Ross akaichukua mashua kwenda kisiwa cha Bruny, ubao ukaachia palepale nilipoziba. Mashua ilipoopolewa ubao wenyewe ulibadilishwa, lakini puti yangu bado imeng'ang'ania ubao wa jirani. Nimeigusa kwa mkono wangu.

Siku ya mazishi Baba alimwambia Clyde mbele ya watu wote kwamba ubavu wake ndio uliomuua Ross. Clyde aliinamisha kichwa tu. Na wewe ulimtemea mate, Noreen. Mimi nilikuwa nimekushika bega. Nilikuwa nakubembeleza, nikanyamaza. Miaka kumi na minne nimenyamaza, na Baba akafa akiamini hivyo.

Alhamisi nikaenda hospitali, nikamuuliza Clyde kwa nini hakunitaja. Alisema alidhani nitasema mwenyewe kesho yake. Kesho ikapita, na kesho nyingine. Mwishowe, alisema, akaona haya kwa niaba yangu. Halafu akauliza kama umeandika. Huuliza kila nikienda.

Amenikataza nisikuambie. Anasema ulishampoteza Ross, yeye naye anaondoka, bora ubaki na ndugu mmoja unayeweza kumpenda. Hata sasa, bomba liko puani, ananikinga mimi! Nimemkatalia. Mara hii moja nimemkatalia.

Sikuombi msamaha, sina uso wa kuuomba. Ukija, nitakaa nje mpaka umalize, wala hutaniona. Yuko ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Usihangaike na maneno mengi, mwambie tu kwamba umejua. Lakini fanya haraka, dada yangu.

Wasalimie watoto, na uwaambie ukweli kuhusu mjomba wao Clyde. Beryl bado hajui; nikishatia barua hii posta naenda kumwambia.

Ni mimi, kama bado utakubali niitwe ndugu yako,

Mervyn