Wimbo wa Kola na Mikono

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu pasi ya nyumba hii ianze kupigwa kimyakimya.

Ulianza na chaki, mwalimu wa hesabu, wanafunzi wakikuita Onyesha Njia kwa sababu hukukubali jibu tupu. Kisha chuo cha sanaa kikakuomba ukawapangie ratiba, wiki chache tu, maana wapiga ngoma na wachoraji walikuwa wakigombea chumba kimoja. Wiki chache! Ukatoka mpanga ratiba ukawa mratibu, ukatoka mratibu ukawa mkuu wa chuo, na Mama bado anasubiri zile wiki ziishe.

"Huyo mke mwenzangu," alikuwa akisema kila chuo kilipopiga simu. "Tena mke mdogo, ndiye apendwaye."

Msibani watu wa chuo walisimulia wenyewe kwamba hukuwahi kumkatiza mtu mazoezi. Ukikuta wanaimba, unasimama nje na mafaili kwapani mpaka wimbo uishe, ndipo ubishe hodi. Mama akafuta machozi. "Loo! Mimi sikuwahi kumaliza sentensi. Kumbe ustaarabu alikuwa anauacha kazini!"

Mwezi uliopita walikuja nyumbani, mwalimu wa kinanda na vijana wawili wa kwaya. Mmoja akaangua kilio: "Mama, Mkuu alikuwa baba yetu."

Mama akammiminia chai. "Pole, mwanangu. Ila watoto wake ni watatu, na wote nimewazaa mimi."

Walitaka kitu kimoja tu: wimbo ulioupenda, wauimbe ukumbini siku ya leo. "Maana sisi hatukuwahi kumsikia akiimba," mwalimu akasema.

Mama akaweka birika chini. Hawakuwahi! Na wewe kila Jumapili jioni unapiga pasi mashati ya wiki nzima, unaimba wimbo wako wa kola na mikono, ulioutunga mwenyewe, sauti ikipanda inakwama. Wewe unaimba, yeye anakunja. Alipokuambia ukawaimbie wasanii wako, ulicheka. "Kule wanaimba wenye sauti. Mimi naimba kwangu."

"Hakuwa mtu wa nyimbo," Mama akawajibu, kavukavu. Kitinda mimba wako akapaliwa na chai.

Ni wivu, ndiyo, na haufichi. Walikula mchana wako, wakala na likizo zako, na mwaka mzima ameogopa kwamba hukumwachia kitu ambacho wao hawana. Siku ile walipoondoka alikaa jikoni akicheka na kulia kwa pamoja.

Wakisoma tangazo hili watajua kuwa aliwadanganya. Na wajue. Kusikia hawatasikia.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wajukuu, na dada yako anayedai wimbo huo uliuiba kwake. Leo jioni Mama atayatoa mashati yako kabatini ayapige pasi, na ataimba yeye.

Daima tutakukumbuka, Baba, na kukuimba, mlango ukiwa umefungwa.