Plaji Yenye Haikuwa na Nzi

Mujukuu wangu Neema, huku Katoyi tuko salama, na mama yako amezaa kijana mwenye sura yangu, kwa hiyo ni muzuri.

Unauliza kama wewe na wenzako muende kupumzika kwenye ile plaji, ufuko wa kisiwa wenye hauna watu. Nilipokuwa musichana, tulizunguka visiwa vya ziwa Kivu kwa pirogi, mutumbwi wa baba. Kimoja kilikuwa na muchanga safi, hata unyayo hakuna. Mudogo wangu akajilaza, akaniita mimi mukubwa wake: “Yaya, kuja! Ni paradizo!”

“Paradizo gani inakosa hata nzi?” nikamuuliza.

Kando yake nikaona ndege wawili wamekufa. Nikabana pumzi, nikamukokota kwa miguu mpaka juu ya kilima. Ilikuwa mazuku, ile hewa ya sumu yenye kutoka ardhini, inalala chini na kuua kimya. Mpaka leo ananiita docteur, mimi mwenye sikumaliza hata masomo ya primaire!

Muende, mutoto wangu. Lakini mutafute nzi kwanza, ndiyo mulale.

Koko wako