Kompyuta Imejifunza Uongo Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada nikiwa bado na pumzi. Mimi ni daktari mpasuaji mstaafu, moyo wangu umechoka na wenzangu wamekiri hauponi tena, lakini kinachonikereketa ni kompyuta ya hospitali niliyofanyia kazi, ambayo binti yangu, ninayeishi naye, aliifundisha kupanga ratiba ya chumba cha upasuaji kwa kuilisha kumbukumbu zetu za miaka mingi, ijue kila upasuaji huchukua muda gani, na sasa kila siku inapanga wagonjwa wengi kuliko saa zilizopo, jioni wengine wanarudishwa nyumbani wakiwa wameshinda njaa bure, juzi mgonjwa mmoja, mama, akamuuliza binti yangu, "Daktari, tumbo langu mnalifunga na kulifungua kama duka?", na wenzake kazini wanamcheka, "Mwambie mwanao wa chuma akajifunze kuhesabu!", naye anakonda akitafuta kosa katika hesabu zake, kumbe kosa ni langu, kwani enzi zangu niliamuru muda uandikwe tangu kisu kinapogusa ngozi hadi uzi wa mwisho, kumlaza mgonjwa kwa dawa na kusafisha chumba kusihesabiwe, ili nionekane mwepesi, nikaitwa Umeme, vijana wangu wakaiga, na mwisho wa mwezi binti anajiuzulu, nami namtazama tu kwa kuwa ananiona shujaa. Nife nayo hii siri?

*

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa maradhi. Heshima nimeshakupa, sasa nikugombeze. Binti yuko chumba cha pili anakupimia dawa, halafu unaniandikia mimi? Mimi nitaipanga hiyo ratiba?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyo wa chuma umemlea wewe. Unaogopa binti asikuone shujaa. Wagonjwa wenzio wanaogopa kufa kabla ya kupasuliwa. Ebu pima.

Mwambie leo. Atakasirika, pengine asikusemeshe, vumilia. Kisha mpigie mkuu wa hospitali kwa sauti yako mwenyewe, usimtume binti akakutetee. Wapime upya, tangu mgonjwa anapoingia mlangoni hadi chumba kiwe tayari kwa mwingine, kompyuta ifundishwe hayo, na kwa sasa wapange wagonjwa wachache.

Ukiondoka kimya, atabaki akiamini hajui hesabu, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Kunja gazeti, mzee. Mwite.