Kitambaa Chekundu cha Kamba ya Mama

Shambani kwa mama, Siyu
Jumanne

Kwa dada yangu Lubna, Mombasa.

Assalamu alaikum. Anayekuandikia ni Mahdi, mkulima ambaye toka Siyu hadi Faza hajapata kuzaliwa mfano wake, na nasikia hata Kiwayu wananitaja, huko kwenye mchanga mtupu. Tikiti langu moja punda wa Bi Umulkheir alilitazama tu akakaa chini. Natumai u mzima, shemeji mzima, watoto hawajambo, na ile hasira yako nayo haijambo, maana nilipoisikia mara ya mwisho ilikuwa na afya kuliko sisi sote.

Simu yangu umeikata mara nne. Sauti nilizokurikodia hukuzifungua. Basi nimeshika kalamu, mimi niliyeacha shule kidato cha pili, shule ikabaki inanililia, na barua hii nampa Husni, anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi. Karatasi haikatwi katikati. Utaisoma, utake usitake.

Kwanza nikujibu matusi yako. Ulisema eti kwa hiyo pampu nimelichezea shamba la mama, na kwamba ukirudi na wanao kuja kukaa, baada ya mfungo, utanitoa mimi umpe Shuaib alilime. Shuaib jirani! Mtu wa kukausha papa, ambaye akipita hata nzi humpisha ndia. Wewe umekaa mjini miaka kumi na mmoja, maji yako yanatoka ukutani, halafu wanifundisha kisima. Mama alipougua nani alimgeuza kitandani? Ng'ombe wa watu walipoingia kwenye kunde nani aliwakimbiza pekupeku? Au ulikuwa ukiwakimbiza kwa simu?

Ni kweli nilibadilishana pikipiki yangu kwa pampu. Hilo sikatai. Nilichoka kunywesha miche kwa ndoo kama nabembeleza mtoto wa mwenzangu. Na sheria ya mama naijua, tuliinywa sote pamoja na uji. Kitambaa chekundu alikifunga kwenye kamba ya kisima. Shusha ndoo: ikigusa maji na kitambaa kiko bado nje, chota. Kitambaa kikizama ndani ya mdomo wa kisima, maji yameshuka. Funika uende zako, hata kama miche yafa mbele ya macho yako. Akisema maji matamu ya kisiwa hiki yamelala juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi, basi mtu achote kwa juu, asikoroge. Na alipokuwa akituaga, kazi ya kukagua kitambaa alimwachia Bi Umulkheir. Mjane wa watu. Si mimi. Hilo linanichoma mpaka leo, na nadhani wewe uliona ni sawa.

Siku pampu ilipowaka kwa mara ya kwanza watu walijaa kama arusini. Nikapanda matikiti shamba zima, pale pa kunde na mtama wa mama. Shuaib akaegemea ukuta wake akaniambia hicho ni kisima, si bahari, nikikinyonya hivyo kitanigeukia. Nikamwambia arudi kwa papa zake, wao ndio wanaomsikiliza. Akasema mama angekuwa hai ningeonja bakora. Nikamjibu mama angekuwa hai angekuwa ananitafutia mke wa pili. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata wa kwanza sina, lakini walicheka.

Shuaib akaona hanitoshi, akamleta Kamau, afisa wa kilimo aliyeko Faza, mtu wa bara anayevaa mabuti hata kiangazi. Kamau akatumbukiza kidude cha kupimia chumvi, akakisoma, akakunja uso. Akanishauri nizime pampu, nifunike udongo kwa majani makavu ushike unyevu, nirudishe kunde na mtama maana havina kiu ya matikiti. Nikamuuliza kama mimi nimewahi kupanda milimani kwao kumfundisha kuchuma chai. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari akaondoka, na mlio wa pikipiki yake ulikuwa haujapotea mimi nimeshawasha pampu.

Kisha maji yakaanza kuwa na ladha. Bi Umulkheir ndiye wa kwanza, alisema chai yake imekuwa kama ya matanga, imetiwa machozi. Majani ya matikiti yakaungua pembeni. Ndipo nikasimama kwenye ngazi za msikiti baada ya alasiri nikawatangazia watu kwamba Shuaib, kwa husuda, amemwaga kisimani chumvi yake ya kukaushia papa. Nilisema vizuri, dada, ungenisikia. Waliniamini. Sasa hakuna anunuaye papa wake, na watoto wanamwita Bwana Chumvi. Yeye kila asubuhi anamfungulia Bi Umulkheir lango achote kisimani kwake, na akiniona ananipa salamu. Afadhali angenipiga.

Sasa kaa chini.

Mwezi wa tatu wa pampu kitambaa kilizama. Bi Umulkheir, macho yake unayajua, hukagua kwa vidole. Alipapasa kamba, akaniambia basi, Mahdi, funika. Matikiti yalikuwa yamebakiza siku kumi na nane. Ijumaa ilipofika, watu wote wako msikitini, mimi nikabaki. Nikakifungua kile kitambaa. Fundo la mama lilikuwa gumu, nikaling'ata kwa meno. Nikakifunga tena dhiraa mbili mbali zaidi na ndoo. Kesho yake Bi Umulkheir akashusha ndoo, akapapasa, akakikuta kitambaa kiko nje. Akamshukuru Mungu, akaniambia teka mwanangu, mai yamerudi. Nikavuta kwa pampu siku zote kumi na nane, kwa idhini yake. Shuaib hakutia hata punje. Na tikiti la punda lilikuwa hilo hilo moja lililokomaa.

Kamau amesema kisima kifunikwe, kisiguswe, mvua za masika ya miaka miwili au mitatu zikilalie, pengine. Alilisema hilo neno pengine mara mbili. Kwa hiyo usije na watoto baada ya mfungo. Ile miche ya ndimu unayoikuza kwenye makopo, mpe mwenye maji.

Ijumaa hii nitasimama kwenye ngazi zile zile na kamba mkononi, niseme mbele ya Shuaib. Nimeanza na wewe kwa sababu nakuogopa kuliko msikiti mzima.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto. Bi Umulkheir anakusalimu sana, bado hajui. Salamu za Shuaib sikuthubutu kumwomba.

Kitambaa nimekirudisha pale alipokifunga mama. Jana nikashusha ndoo. Ikagusa maji mapema, kitambaa kikabaki nje, juu kabisa, kama enzi zake. Maji yamerudi yote, dada. Nimeyaonja. Ni bahari.

Nduguyo,
Mahdi